Neno la Siri la Mlimani

Jumanne, 4 Agosti
Binti yangu kapita kibandani kwangu, nikiwa katikati ya kupinda gauni la watu. Kasema likizo hii wajukuu watakaa kwa bibi mmoja tu. Yule bibi mwingine ni mama wa baba yao, nesi mstaafu. Ana televisheni kubwa na bembea uani. Mimi nina cherehani na Mungu wangu.
Nikaona nikizubaa nimekwisha! Nikamwambia Jumamosi nitawapandisha watoto mlimani. Akauliza kama nimewahi kuupanda. Nikajibu imani huhamisha milima, sembuse kuipanda. Hakucheka. Akasema wakirudi salama, likizo ni yangu.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimewashonea vizibao vya rangi ya chungwa. Hata malaika watawaona. Filimbi shingoni. Mume wangu (miaka minne) na mke mwenzangu (miaka sita) somo wamelishika: ukipotea usitangetange. Shika mti, piga filimbi, ngoja. Mtu asiyejua neno la siri usimfuate, hata akisema katumwa na Bibi.
Neno lilikuwa "bobini". Nesi akalisikia! Nikaweka "pindo". Mume wangu akaenda kumwambia mwenyewe, kwa mapenzi. Sasa tuko kwenye la tatu.
Nesi kanishauri tuwe watu wazima wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wivu huo! Nikamwambia nyuma yupo Mungu.

Jumamosi, 8 Agosti
Tulianza vizuri. Maji, kofia, kupumzika kila penye kivuli. Mwendo aliupanga mume wangu, maana kila siafu alisalimiwa. Nami nikainama kutazama. Miaka yote hii nimetazama uzi na sindano, sikujua siafu hupishana kwa adabu hivyo.
Kisha nikasikia maporomoko ya maji. Nikatamani picha moja tu, ya kumkereketa Nesi. Nikawaambia watoto washike mti, nachungulia mara moja.
Nikachungulia. Nikateremka kidogo. Kugeuka, njia hakuna!
Filimbi naisikia, lakini kila upande. Nikaomba dua zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga. Mungu akanipa mlinzi wa msitu. Miguu yangu ilikuwa imegoma, nikamsihi awawahi watoto, aseme katumwa na Bibi.
Akarudi peke yake. Wamegoma kuuachia mti. Wanataka neno la siri.
Neno! Nikamtajia bobini. Nikamtajia pindo. Akasema kwa kubahatisha hawatauachia mti, akanishika mkono tukaenda wote, tukipumzika kila hatua.
Mke mwenzangu aliponiona akaniuliza neno. Nikalia, nikasema nimesahau. Akafikiri. Akasema Bibi umekaribia sana, lakini silo.
Lilikuwa "sitasahau".
Mume wangu alikuwa kajikojolea. Mti hakuuachia.

Jumapili, 9 Agosti
Watoto wamesimulia yote, na filimbi wakapiga. Binti yangu akatoa hukumu. Likizo ni kwa Nesi. Akaongeza kuwa nimewafundisha vizuri mno, shida ni kwamba mwalimu hakuhudhuria darasa. Mume wangu akanipapasa goti, akaniusia nikipotea tena nishike mti.
Nesi hakunicheka. Laiti angenicheka! Kasema safari nyingine nitangulie mbele, yeye atakaa nyuma.
Ibadani sikusikia mahubiri. Nilimwona tu yule mtoto na suruali yake mbichi, kaukumbatia mti kwa sababu Bibi alisema atarudi. Machozi yakanitoka. Jirani akadhani nimeguswa na neno.
Na nimeguswa kweli. Kosa lilikuwa neno, lilikuwa gumu mno. Maporomoko yale yana njia upande wa pili, nasikia ni fupi, wala Nesi hahitajiki. Neno jipya nimeshalichagua. Siliandiki hata humu, Nesi ana miwani mikali.
Nitalikumbuka tu.