Pointi Mbili za Alama ya Njano

Casimir Dudek,
Nyumba ya mwisho, Mtaa wa Kestrel,
Wexley, Michigan.
18 Agosti

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Waamuzi,
Chama cha Wenye Magari ya Halvorsen Brigand.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUPUNGUZIWA POINTI KWA KOSA LA KUTOUJUA MKONO WANGU MWENYEWE

Natumai barua hii inakukuta salama wewe na kamati yako, na kwamba magoti yenu yamepoa baada ya kutwa nzima ya Jumamosi kutambaa chini ya magari ya watu. Mimi sijambo, ila tangu siku hiyo chakula hakinipiti, na sababu naieleza hapa chini kwa adabu zote nilizofundishwa na wazazi wangu.

Kwa faida ya wajumbe wasionifahamu: mimi ni mstaafu. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha Halvorsen hapa Wexley, kile kilichobomolewa hadi msingi, na mahali pake pakabaki uwanja wa kokoto ambao ninyi mnafanyia maonyesho. Miaka kumi na minne ya mwanzo nilikaza bolti za gurudumu la mbele, upande wa kulia. Upande wa kushoto alisimama marehemu Ezell Pruitt, mtu wa Alabama, mcheshi, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Kila tukimaliza kukaza, tulichovya brashi kwenye kopo la rangi ya njano, tukapiga mstari mmoja juu ya bolti ili mkaguzi ajue kazi imefanyika. Mstari wenyewe hauzidi urefu wa kidole. Huo ndio tunaogombania.

Nawaomba pia muelewe ninachodai. Mwezi wa kumi mji unafungua jumba la kumbukumbu pale pale kiwanda kilipokuwa, na ndani yake litasimama gari moja tu lililoundwa hapa, nalo sharti liwe na cheti chenu cha dhahabu. Dhahabu inaanzia pointi 998 kati ya elfu. Mimi mmenipa 997. Pointi moja mliyonikata kwa ajili ya mdudu aliyekutwa ndani ya taa ya nyuma siipingi, maana nakubali kwamba mdudu yule si wa mwaka 1970. Hizo mbili nyingine ndizo zilizoniandikisha barua. Nina miaka sabini na minane. Jengo nililofanyia kazi halipo, lango halipo, hata ile baa ya ng'ambo ya barabara haipo. Nikifa, kitu pekee duniani kitakachokuwa na mkono wangu juu yake ni gari hilo, nami nataka lisimame ndani, mahali penye paa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu tone la rangi. Kanuni zenu zinataka gari lifanane na lilivyotoka kiwandani, pamoja na makosa yake yote. Nilitii. Miaka sita nimelifufua gari lililokutwa kwenye banda la kuku huko Ohio, na katika miaka hiyo nimejifunza uzeeni kufanya kazi vibaya. Ukingo wa ndani wa mlango ulitakiwa uwe na rangi iliyochuruzika. Mara tatu ilitoka safi, nikaikwangua. Mara ya nne ikachuruzika, nikashukuru Mungu. Mwamuzi wenu, Dk. Garrison Whitlow, alimulika tochi pale akasema, "Mzee Dudek, huu ni uchafu wa kitaalamu. Hongera." Mwaka 1970, kwa tone kama hilo, msimamizi wetu Bwana Stroud alimwambia mpakaji rangi mbele ya watu thelathini kwamba ng'ombe angepaka kwa mkia ikatoka vizuri zaidi. Kama leo tone ni hongera, basi naomba Chama kimwandikie yule mpakaji rangi barua ya kumwomba radhi. Anwani yake ni makaburini, safu ya nne.

2. Kuhusu tairi. Mnataka tairi ziwe za mwaka ule ule. Nikazipata. Zimekauka, zina nyufa kama visigino vyangu, na zikitembea maili tatu zinapasuka. Kwa hiyo gari la silinda nane, lenye nguvu za farasi mia nne na ushee, lilifika uwanjani likiwa limefungwa kamba juu ya trela kama ndama anayepelekwa mnadani. Kati ya nyumba yangu na uwanja wenu ni hatua mia tisa, nimezihesabu. Bwana Duane Hatch, mwenye lile pikapu jekundu aliloliinua hadi analipanda kwa ngazi, alinipigia kelele kutoka upande wa uwanja wa wale wasioshindania pointi: "Mzee, hilo lako ni zima, au limelazwa?" Kisha akaongeza: "Lete huku kwetu. Sisi hatuna pointi, tuna moshi." Watu wakacheka, na ilikuwa haki yao, kwa sababu kwa siku nzima injini yangu iliunguruma dakika moja tu, na hiyo ni kwa kuwa mlitaka kusikia honi.

3. Kuhusu alama, ambalo ndilo jambo lenyewe.

Dk. Whitlow ni daktari wa meno. Simlaumu, kila mtu na riziki yake. Ana miaka arobaini na moja. Aliingia chini ya gari langu na kile kioo chake chenye mpini, akakaa huko muda ambao watu hukaa kwake wakisubiri ganzi ishike, kisha akatoka akitikisa kichwa.

"Mzee, hii alama ya upande wa kulia imelala kulia," akasema. "Inatakiwa ilale kushoto."

Nikamwambia, "Daktari, hiyo alama niliipiga mimi."

"Najua umeipiga wewe, mwaka huu."

"Niliipiga mwaka huu na niliipiga mwaka ule. Hapo ndipo nilipokuwa nasimama."

Akaniwekea mkono begani, na hilo nalo naomba liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Akasema, "Mzee wangu, kumbukumbu zako tunaziheshimu. Lakini mtu husahau, chuma hakisahau."

Ushahidi wake ni kwamba yeye ana Brigand ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani, iliyokuwa ya tatu nyuma ya yangu kwenye mstari wa kuundia magari mchana ule ule, na kwamba ya kwake ina alama mbili, kulia na kushoto, na zote zimelala kushoto, kama zilizopigwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto. Mheshimiwa, mtu wa mkono wa kushoto pale alikuwa mmoja tu, Ezell Pruitt, naye upande wake ulikuwa ule mwingine. Miaka kumi na minne hakuvuka kuja kwangu wala mimi sikuvuka kwenda kwake. Magari hamsini na tano kwa saa hayampi mtu nafasi ya kutembeleana.

Akaniuliza tena kama nilipiga picha ya alama ya zamani kabla ya kusafisha. Sikupiga. Mtu hapigi picha sahihi yake ili aje kuikumbuka. Nakiri kwamba nilipolitoa gari bandani nilikuta pale alama iliyofifia, imelala upande usiokuwa wake, nikajua mara moja kwamba watu wa Ohio walilichezea. Nikaisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, nikapiga ya kwangu, ya haki.

Na asidhani mtu kwamba siku yenyewe siikumbuki. Ndani ya springi za kiti cha nyuma nilikuta karatasi ya kiwandani: Ijumaa, tarehe 17 Aprili 1970, na kwenye kituo chetu gari lilipita saa saba na dakika kumi mchana. Saa hiyo hiyo ndiyo walipokuwa wakitua baharini wale wanaanga watatu waliokaribia kufia angani. Niliwaona kwa macho yangu miavuli ikiwashusha majini. Mzee anayekumbuka hayo hawezi kuambiwa kwamba hajui alishika brashi kwa mkono gani.

4. Kuhusu mimi mwenyewe. Mnatoa pointi kwa kila kitu kilichotoka kiwandani na hakijabadilishwa. Sikio langu la kulia limekufa kwa kelele za mashine za upepo za kukazia bolti, na halijabadilishwa. Kidole changu cha pete hakina ncha tangu mwaka 1973. Mgongo wangu umepinda kwa kimo kile kile cha gurudumu la Brigand, mnaweza kuja na rula. Hata hivyo hakuna aliyenimulika tochi. Jumamosi niliwahesabu watu zaidi ya mia mbili waliokuja kustaajabia makosa yetu, lakini katika sisi tuliofanya makosa hayo hamkumwalika hata mmoja. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu nina gari.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu:

Kwanza, nirudishiwe pointi zangu mbili. Pili, vyeti vyote vya dhahabu mlivyotoa hadi leo vifutwe, mpaka mimi binafsi nitakapokagua alama ya njano ya kila gari na kusema kama ni yangu au ya kughushi. Tatu, Dk. Whitlow aje gerejini kwangu kwa wiki moja, akaze bolti kwa zamu nzima bila kwenda msalani, ndipo aseme alama imelala wapi. Nne, nami niruhusiwe kwenda kliniki kwake na tochi, nikague meno aliyowazibia watu, na palipo safi mno kupita desturi nimkate pointi. Tano, kama haya yote ni mazito kwa kamati, basi nisimamishwe mimi kwenye hilo jumba la kumbukumbu, na gari libaki nyumbani. Nitasimama vizuri. Nimezoea kusimama.

Nawasalimu wajumbe wote na familia zao. Msalimieni yule mama anayeuza soseji za Kipolandi langoni, mwambieni kabichi yake ya Jumamosi ilikuwa na chumvi ya kutosha. Msalimieni na Duane Hatch, ingawa hakustahili. Nikisubiri majibu yenu, na bila kumkusudia mtu ubaya,

Mimi niliyekaza bolti zenu,

C. Dudek

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Binti yangu Renata alikuja leo kuichukua barua hii aipeleke posta. Yeye ana tabia ya kusoma vitu vya watu. Akasoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Baba, tarehe hii unaijua?"

Nikamwambia naijua, ni tarehe ya gari.

"Ni tarehe yangu," akasema. "Na hao wanaanga uliwaonea wapi? Kiwandani mlikuwa na televisheni?"

Kiwandani hatukuwa hata na dirisha. Niliwaona hospitalini, kwenye chumba cha akina baba wanaosubiri, tukiwa wanaume saba na redio mbovu na televisheni moja. Nusu saa baadaye muuguzi akafungua mlango akaniambia ni msichana.

Sasa naandika yale niliyoyasahau, na naona aibu kuyaandika. Simu ya mama yake Renata, Mungu amrehemu, ilifika kiwandani saa tatu asubuhi. Stroud alikuwa amenipa maonyo mawili mwezi ule, la tatu ni kufukuzwa. Nilisimama pale na spana mkononi nikiwa sijui pa kushika. Ezell hakuinua hata uso. Akasema, "We nenda, Dudek. Leo magurudumu yote mawili ni yangu." Nikapitia mlango wa takataka. Toka saa tatu hadi kengele ya saa nane u nusu alikaza upande wake, akavuka, akakaza wangu, akapiga alama mbili, akarudi kulipokea gari jingine. Stroud hakujua. Alikuwa akihesabu alama, hakuhesabu watu. Jumatatu Ezell aliniuliza jina la mtoto, nikamwambia, akasema ni jina zuri, na mpaka anazikwa kwao Alabama mwaka 1994 hakulitaja jambo hilo tena.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, watu wa Ohio hawakuchezea kitu. Alama ile iliyofifia upande wangu ilikuwa ya Ezell, na miaka hamsini na tano kuku hawakuifuta. Nimeifuta mimi. Tangu mchana nimekuwa nikijaribu kuipiga kwa mkono wa kushoto juu ya maboksi, Renata akinishikia kopo, na hakuna hata moja inayofanana nayo.

Tafadhali futeni malalamiko namba tatu na maombi yote matano. Pointi zangu msizirudishe. Zile tairi za zamani nimezitoa leo jioni, kesho nafunga mpya, nimtembeze Renata kwa gari mpaka tuchoke. Kwenye jumba la kumbukumbu wekeni gari la Dk. Whitlow, na mumwambie, kwa heshima, asiruhusu mtu alioshe kule chini. Na kwenye kibao naomba liandikwe jina la Ezell Pruitt, pande zote mbili.