Ofisi ya Juu na Barua ya Mteja

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025

Madame Christiane, mkurugenzi wetu, alituita sote tisa karakanani. Akasoma barua. Kampuni ya mgodi ambayo tunaitengenezea pampu inataka kujua tunatunzaje mazingira katika kazi za kompyuta: umeme, karatasi, mashine zilizokufa. Bila jibu zuri, mkataba hauendelei. Bila mkataba, karakana inafungwa. Mjumbe wao, Bwana Jean-Luc, anakuja Ijumaa.

Madame anatafuta msimamizi wa jambo hilo. Msimamizi atapewa ofisi ya juu.

Sikusikia tena kilichofuata. Ofisi ile ilikuwa ya marehemu Floribert, karani mkuu. Mwaka 1996 niliingia humo nimevaa viatu vya kaka yangu. Sakafu ilinukia nta. Dirishani zilionekana nyumba za matofali za kambi ya wafanyakazi ya Panda, na jakaranda zimechanua. Floribert aliniuliza kama najua kupiga taipu. Nikasema ndiyo. Uongo. Nikaona ameniamini: aliniajiri, akanifundisha kazi yeye mwenyewe. Tangu siku ile naitamani ofisi hiyo.

Mshindani ninaye mmoja tu: Émilienne, fundi wa kompyuta. Ana miaka ishirini na sita. Kichwa anacho, ila historia hana.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimeandika mpango. Kurasa kumi na nne. Kichwa chake: Tupunguze Karatasi. Nimeanza kuchapisha nakala arobaini, ili hata walinzi na majirani wasome. Wino umekwisha kwenye nakala ya thelathini na moja.

Émilienne alipokea yake kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa upole kwa nini sikuutuma kwa simu. Nikamjibu kwamba jambo zito lazima lishikike mkononi. Stéphane, mchoraji wetu wa pampu, alitoka nje kucheka.

Baadaye Madame aliuliza nani amemaliza wino. Nilitazama viatu vyangu.

Zamani hakuna aliyeuliza habari za wino. Floribert aliandika matangazo ya kambi nzima: ubatizo, mechi, misiba. Watu walikusanyika ukutani, mmoja akiwasomea wengine kwa sauti. Ukuta upo bado. Wasomaji wametawanyika.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Barua inauliza mashine zilizokufa ziko wapi. Ziko nyuma ya karakana, kumi na tisa, chini ya mabati, kwa sababu mimi mtunza ghala sijawahi kukubali itupwe hata moja. Kila moja namkumbuka aliyeketi mbele yake.

Wakati wa chakula nimezipandisha zote ofisi ya juu. Hakuna anayeingia huko, na ufunguo ninao mimi. Mke wangu Philomène ameuliza mgongo una nini. Nimesema nimebeba maisha yetu ya kesho. Amenipaka mafuta.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Émilienne amezunguka na kipimo cha umeme. Akafika kwenye kompyuta yangu, ile kubwa aliyoniachia Floribert.

"Papa Théophile, hii yako inakula courant kupita zetu tatu," akasema.

Nikamwambia ninyi mmebadilisha zenu mara nne, mimi sijatupa hii hata mara moja. Nani anatunza mazingira? Nilitegemea abishe. Alifikiri, akasema hapo niko na haki. Nusu. Inafaa ipumzike, lakini kwanza tuokoe vilivyomo.

Tukaifungua pamoja. Matangazo yote ya kambi yalikuwemo. Nyimbo za kwaya. Majina ya walioajiriwa, na kando ya kila jina neno la Floribert. Kwenye langu: "Alidanganya kuhusu taipu. Anajifunza haraka. Abaki."

Kwa hiyo alijua, tangu siku ya kwanza.

Émilienne alihamisha vyote bila haraka. Hakunitazama usoni mpaka nilipomaliza kufuta miwani.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Bwana Jean-Luc amekuja. Mtu wa maneno machache. Nilimwambia kwamba sisi hatuna mashine iliyokufa hata moja. Akafurahi, akaomba aone ofisi ya msimamizi.

Nikasema ufunguo umepotea. Madame akatoa wa kwake.

Mlango ulifunguka kidogo, ukakwama. Stéphane akausukuma kwa bega. Tulisikia kitu kikianguka, kisha kingine, kisha vingine, kwa muda mrefu.

Jean-Luc alitazama lile rundo, akauliza kwa nini karakana hii inataka kufuata mambo haya ya mazingira. Madame akajibu ukweli: kwa sababu ninyi mmeagiza. Émilienne akasema yeye ana sababu yake. Watu wanachoma nyaya za mashine kama hizi ili wapate shaba, na moshi unaingia nyumbani kwao. "Mama yangu anakohoa tangu mwaka jana. Hizi hazijachomwa kwa sababu Papa Théophile alizificha. Zingine tutazitengeneza. Zilizobaki tutapeleka kwa wanaojua kuzifungua."

Jean-Luc aliandika maneno yake yote. Mkataba unaendelea.

Émilienne ndiye msimamizi. Amesema hahitaji ofisi, itakuwa chumba cha kutengenezea mashine, na mimi nitakuwa na meza humo, karibu na dirisha. Nilikaa pale jioni. Nta hainukii tena. Jakaranda zimechanua. Nikajiapiza mbele ya dirisha: uongo basi.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Baada ya misa Padri Cyrille ametangaza kwamba parokia itapanda miti. Anatafuta mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti atakaa mbele kwenye gari, pembeni ya dereva.

Nimemweleza kwamba ninayo miti mia tatu nje ya mji, kule Kapolowe, niliyoipanda kwa mikono yangu. Amefurahi mno. Jumamosi atakuja kuiona, na kwaya nzima.

Njiani Philomène ameuliza ni miti gani hiyo. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Kesho naanza kumtafuta mtu wa Kapolowe mwenye miti mingi na maswali machache.