Tovuti Yangu Irudishwe Nyumbani

Ndugu Mkuu wa Mashine ya Kutafuta Mtandaoni,

YAH: TOVUTI YANGU KUFANYWA RAIA WA NCHI JIRANI BILA RIDHAA YANGU

Pole na kazi. Najua umezidiwa, maana siku hizi dunia nzima inakuuliza wewe, hata yale ya kumuuliza mama mzazi. Mimi ni fundi kufuli, mwaka wa ishirini na sita sasa kwenye kibanda hiki hiki, kati ya duka la viatu na mashine ya kusaga. Si mtu wa kulalamika. Huwa namlalamikia mwenye mashine tu, naye hanisikii kwa sababu ya mashine.

Nimelazimika kukuandikia kwa kuwa mama watoto amenipa hadi mwisho wa mwezi. Wateja wasipoonekana, kibanda kinageuzwa saluni ya mdogo wake. Vioo vimeshaletwa. Kila nikigeuka nakutana na sura yangu, na haijafurahi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tovuti ilitengenezwa na mpwa wangu, binti wa dada, wakati akifanya kazi nchi jirani. Akaipa anwani inayoishia na herufi mbili za nchi hiyo. Kwa herufi mbili tu, Ndugu Mkuu, ukaihesabu ya kule! Mimi mwenyewe nilizaliwa wilaya nyingine na hakuna aliyewahi kunirudisha.

2. Tangu hapo, mtu wa kule akijifungia nje na kukuuliza fundi wa karibu, unamletea mimi. Ni siku mbili kwa basi. Kasimama mlangoni na mfuko wa mboga, nimwambie asubiri keshokutwa? Basi nawaelekeza kwa simu: shika kitasa, inua kidogo, sukuma kwa goti. Nimeshafungua milango kumi na mmoja ya ugenini bila kuinuka kwenye kigoda. Kuna bibi mmoja, muuguzi mstaafu, hupiga karibu kila siku. Sijapata kuona mlango mkorofi kama wake.

3. Hapa nyumbani, wote wanakwenda kwa Kidole, fundi wa ng'ambo ya barabara. Tunamwita hivyo kwa sababu kila kufuli huanza kulichokoa kwa kidole. Nawaona kwa macho yangu: wanasimama kidogo mbele ya kibanda changu, wananitazama, wanavuka. Jamani, nimekukosea nini?

4. Nimejitahidi. Jina la nchi yetu nimeliandika mara arobaini kwenye tovuti, chini ya kila picha ya kufuli. Ndugu wote wana amri ya kunitafuta kila asubuhi kabla ya chai. Shangazi hana simu, kwa hiyo yeye ananiulizia sokoni. Wapi! Kimya.

5. Hivyo naomba tovuti irudishwe. Ikishindikana, basi kibanda changu kihesabiwe kuwa ardhi ya nchi jirani, meta mbili kwa tatu. Bendera yao nitapandisha mwenyewe, na Kidole akitaka kuazima patasi aje na pasipoti.

Naambatisha barua ya mwenyekiti wa mtaa, inayothibitisha kuwa tovuti ni mkazi mwenye tabia njema.

Wasalimie wafanyakazi wenzako, wake kwa waume, na mashine yenyewe. Sisi hapa hatujambo, watoto wanakua.

Wako aliyechoka lakini ana adabu,
Fundi Kufuli

Baada ya sahihi: Mama watoto ameisoma barua hii, akacheka hadi akakaa chini. Kumbe mpwa wangu alishakueleza tangu mwezi uliopita kuwa sisi ni wa hapa. Yeye na mama watoto wamejaribu simu tano za mtaani, na zote zinanitaja mimi kwanza. Wale waliokuwa wakisimama mbele ya kibanda, wewe ndiye uliyewaleta. Walinikuta na simu sikioni, nikisema inua kidogo, bibi, sukuma. Wakangoja, wakachoka, wakavuka. Malalamiko nayafuta yote. Ila nakusihi, kule usinitoe. Yule bibi hajafungiwa nje tangu wiki ya kwanza. Tukiongea nasikia birika lake likichemka. Anaishi peke yake. Hunisalimu, huniuliza habari za watoto mmoja mmoja, ndipo akumbuke kusema mlango umegoma. Simu yake siwezi kuikata, kwa hiyo saluni ianze tu Jumatatu. Nimeomba niachiwe kona moja, ile yenye mtandao mzuri.