Ngurumo Haiguswi

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira, ndiyo maana herufi zinapanda juu kama sisimizi.

Nimerudi kutoka kazini miguu inawaka moto. Kazi yangu ni kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, na hakuna mbwa wa mji huu ambaye hajawahi kunikimbiza. Faraja yangu ni moja tu: nikifika nyumbani nashika kitambaa naipangusa Ngurumo.

Ngurumo ni pikipiki ya marehemu baba mkwe. Alikuwa bwana mifugo, akizunguka nayo kutibu ng'ombe wa watu mpaka alipostaafu. Tangi jekundu. Eksozi inang'aa, unaweza kunyolea ndevu. Tangu alipofariki inakaa kwangu, kibandani, chini ya shuka. Kuisafisha, kila siku. Kuipanda, mara mojamoja. Kitu cha thamani hakichoshwi. Nimeitundikia kibao: HAIUZWI, HAIAZIMWI, HAIGUSWI.

Leo nimeinama naipaka mafuta mnyororo, nikasikia hodi mgongoni kwangu kabisa. Nikaruka. Kopo la mafuta lote likaingia kwenye kiatu. Kumbe shemeji, mdogo wake mke wangu, juu ya pikipiki mpya ya umeme. Haina mlio! Inakuja kimya kama mwizi wa kuku. Nimemuuliza injini iko wapi, akanionyesha sanduku. Sanduku! Kisha akachomeka waya wake barazani, kwenye umeme wangu, akaingia ndani kula chakula changu.

Mezani akatoa la moyoni. Eti mama yao anataka kumpa yeye Ngurumo, maana kwangu inaota kutu. (Kutu! Iko wapi?) Na akipewa, ataitoa injini aweke betri. Nilisimama na tonge mdomoni. Mke wangu akaniambia nikae, nimemwaga mchuzi.

Betri. Ndani ya Ngurumo. Sitalala.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala. Lakini kwa hasira.

Mama mkwe amekuja mwenyewe. Ni mama mfupi, mpole, haongei mara mbili. Nilimpa kiti kizuri, akachagua kigoda cha jikoni. Akatuita wote wawili, mimi na shemeji, kama watoto waliovunja chungu.

Akasema pikipiki si sahani ya harusi ya kufungiwa kabatini. Mumewe aliipanda juani na mvuani, na yeye mwenyewe alikaa nyuma miaka nenda rudi. Akasema Jumapili anakwenda kumwona dada yake, ng'ambo ya kilima, na anataka kwenda na Ngurumo kama zamani. Wa kwanza kumpeleka ni mwanawe. Akishindwa, zamu yangu. Atakayemfikisha ndiye mwenye pikipiki, na aifanye atakavyo.

Shemeji akatabasamu kama aliyekwisha kabidhiwa. Mimi nikasema kwa adabu zote kwamba ni haki aanze mdogo. Mke wangu alinitazama kwa jicho la pembeni. Ananijua, na hilo ni tatizo katika ndoa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiwasha Ngurumo kuijaribu. Choki kidogo, kiki ya kwanza kimya, ya pili ikakohoa, ya tatu ikanguruma. Moyo wangu! Nilifumba macho nikasikiliza. Hakuna daktari wala dawa inayofikia mlio ule.

Nilipofumbua macho nikamwona fundi cherehani. Huyu mama ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na alikuwa ameanika magauni meupe ya mabibi arusi. Yalikuwa meupe. Alinitolea maneno ambayo sitayaandika hapa kwa heshima ya marehemu. Nikamweleza kwamba moshi mweusi kidogo ni dalili ya afya kwa injini ya umri ule. Akasema basi na afya hiyo nije niifue.

Nimefua magauni mpaka jioni. Shemeji akapita kimya kimya, hana moshi, hana doa, akampungia mama fundi mkono. Na mama fundi akamsifu! Akasema hicho ndicho chombo cha watu wastaarabu. Mimi nimezama kwenye povu hadi viwiko.

Sasa nimekasirika kweli kweli. Kama ni vita, na iwe vita.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Asubuhi, shemeji kaja tena kuchaji, yuko ndani anakunywa chai, mimi nikapita barazani kama naangalia hali ya hewa. Nikauchomoa ule waya wake kidogo tu, ukabaki umeshikilia tundu kwa jina. Ukiuangalia unaona umechomekwa. Raha! Nilikwenda kazini nikipiga mbinja. Hata mbwa niliwasalimia.

Adhuhuri mambo yakaharibika. Pikipiki ya umeme ilizimika njiani, kama nilivyopanga. Ambalo sikulipanga ni kwamba nyuma yake alikuwa amekaa mke wangu, amepewa lifti kwenda sokoni, amevaa viatu vipya vyenye visigino. Alirudi kwa miguu na mizigo. Viatu kavishika mkononi.

Aliingia, akautazama waya, akanitazama mimi. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemwunga mkono kabisa, nikasema ndivyo ilivyo, nduguye amejichimbia mwenyewe kwa kununua kitu kisicho na injini. Akaenda chumbani akafunga mlango. Sikuelewa amekasirikia nini.

Nimekula peke yangu, tena kiporo.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili. Huu hauna dosari.

Chini ya tangi la Ngurumo, upande wa kushoto, kuna koki ya mafuta. Kikono kidogo tu. Ukikigeuza, mafuta hayashuki kutoka kwenye tangi. Kijana wa betri hajui koki ni nini, maana sanduku lake halina. Kwa hiyo: naifunga leo. Jumapili atapiga kiki mpaka ulimi umtoke. Atashindwa mbele ya mama yake. Kisha nakuja mimi, nainama kama naisalimia pikipiki, naifungua kwa kidole, kiki moja, twende!

Nimeifunga mchana, watu wa nyumbani walipokuwa wamejilaza kwa joto. Hakuna aliyeniona. Nimeirudishia shuka yake vizuri. Akili ni mali, na mimi leo ni tajiri.

Shemeji jioni akaniuliza kwa unyenyekevu kama Ngurumo ina siri yoyote ya kuiwasha. Nikamwambia ni moyo tu, shemeji, ni moyo.

Jumamosi, 8 Machi

Hasira tupu. Shemeji kafika kulala kwetu, na kofia ngumu mbili mpya, moja ya mama yake, ina maua. Mama mkwe kapigiwa simu, kaifurahia kabla hajaiona. Mimi nilikuwa na kofia ya marehemu mwenyewe, nimeitunza, imepasuka pembeni lakini ina historia. Mke wangu kasema hatamruhusu mama yake avae historia kichwani.

Tena kachomeka waya wake, akausukuma kwa ngumi kuhakikisha. Nikasubiri aingie kuoga. Nikauchomoa tena. Si kwa ubaya. Jumapili baada ya kushindwa arudi kwao kwa miguu, apate muda wa kutafakari.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Mgongo hautaki kitu kingine.

Asubuhi mama mkwe alifika amependeza, kajifunga kilemba chini ya ile kofia ya maua. Fundi cherehani akatoka kushuhudia. Shemeji akasogea, akakunja mikono ya shati. Nikajiegemeza ukutani kungoja burudani.

Mama mkwe akainua mkono. Akasema amelifikiria usiku, ameona si vizuri. Mimi ndiye niliyeitunza Ngurumo tangu msiba, nimeipangusa wakati wengine hawakumbuki hata kaburi. Akasema nianze mimi, mkwewe. Akaniita mwanangu, mbele ya watu wote!

Machozi yalinilengalenga. Shemeji alinywea kama puto. Nikapanda, nikapiga kiki moja tu, nawaapia, moja, na Ngurumo ikanguruma! Mama mkwe akapanda nyuma, akanishika kiunoni. Fundi cherehani akakimbilia magauni yake. Tukatoka kwa kishindo. Nikapiga honi kwa kila mtu ninayemsomea mita. Maisha yangu yote nilikuwa naisubiri asubuhi hii.

Kilima tulikifikia. Nusu ya kilima, Ngurumo ikakohoa. Ikajikongoja. Ikazima.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Nikatoa plagi, nikaipuliza, nikaisugua kwenye suruali ya Jumapili, nikairudisha. Kiki. Kimya. Nikaitukana. Nikaomba radhi, nikajaribu kwa upole. Suruali ikapasuka nyuma. Nikaupiga teke mpira, nikaumia kidole, nikachechemea kuizunguka huku nikipiga kelele kwamba hii ni hujuma, kuna mtu kaihujumu pikipiki yangu, na huyo mtu namjua, ni shemeji! Nani mwingine angekuwa na roho mbaya kiasi hicho?

Mama mkwe alikaa juu ya jiwe, akijipepea kwa kofia.

Ndipo shemeji akatokea chini, anasukuma sanduku lake, jasho linamtiririka. Alikuwa akitufuata, umeme ukamwishia hapo hapo mwanzo wa mlima. Alinishutumu kwa kumchomolea waya. Nikamshutumu kwa kumwua Ngurumo. Tukashikana makola katikati ya barabara, watu wazima, mmoja suruali imepasuka.

Mama mkwe akasimama. Hakutuamulia. Akainama upande wa kushoto wa Ngurumo, akageuza kitu kwa kidole gumba.

Koki.

Moyo wangu ulianguka ukagonga lami. Koki! Niliifunga mimi mwenyewe Ijumaa! Akasema, kama anayejisemea, kwamba ikifungwa huwa inakwenda kidogo kwa mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, halafu inakuacha njiani. Marehemu alikuwa akisahau kuifungua kila wakiondoka na hasira, na kazi ya kuifungua ilikuwa ya aliyekaa nyuma. Ila leo hakutaka kumwingilia dereva, alikuwa akinisubiri nikumbuke. Akauliza nani aliifunga. Shemeji akauliza koki ni nini. Mimi nikatazama mawingu.

Kisha akaishika usukani, akaigeuza ielekee chini, akapanda. Mbele! Nikasema, Mama, utaanguka. Akajibu kwa upole kwamba mwaka ule marehemu alipovunjika mguu, ng'ombe hawakuacha kuugua, na mimi nilidhani nani alikuwa akimpeleka? Akaiachia mteremkoni, ikashika kasi, akaingiza gia, akaachia klachi, Ngurumo ikaunguruma. Kule chini akageuza kama maji, akapanda kilima, akatupita akipiga honi. Hakupunguza mwendo.

Tukabaki na sanduku. Tumelisukuma mimi na shemeji mpaka nyumbani. Mimi! Kusukuma pikipiki ya umeme! Watu wote niliowapigia honi walikuwa bado vibarazani.

Jumatatu, 10 Machi

Bado nina hasira, lakini imetulia, inafanya kazi.

Hukumu imetoka. Ngurumo ni ya mama mkwe. Hakuna betri, hakuna shuka, hakuna kibao. Ataipanda mwenyewe. Kibanda changu kitupu, mke wangu keshaanza kuzungumzia kufuga kuku. Nilisimama ndani yake leo asubuhi na kitambaa mkononi, sina cha kupangusa. Niseme ukweli, nililia kidogo. Nikapangusa kibao.

Mke wangu anasema natakiwa nijifunze. Nimejifunza! Kosa lilikuwa kuifunga koki mapema mno, nyumbani kwangu. Mahali pa kuifunga ni kwa mama mkwe. Ataondoka, itazima njiani, mara ya kwanza atafungua. Nikiifunga mara ya pili na ya tatu atachoka, atasema imezeeka, inahitaji mtu wa kukaa nayo karibu. Na nani huyo?

Mchana nimepita kwake kusoma mita. Alikuwa jikoni. Ngurumo iko uani, tope mpaka kwenye tangi, inapendeza kuliko ilivyowahi kupendeza kwangu, na hilo limenikasirisha kupita yote. Nimeifunga koki. Kidole kimoja, upesi. Nimekunywa uji wake nikaondoka.

Jioni hii amepiga simu! Anasema amenihurumia na miguu yangu. Kesho yeye hatoki, nipite alfajiri niichukue Ngurumo nikaendee kazini, na kila Jumanne iwe hivyo hivyo, mradi niirudishe ikiwa na tope. Jumanne tu! Mimi, niliyeitunza! Naazimwa kama mtoto baiskeli! Nimemkubalia kwa adabu, nikakata simu, nikacheza jikoni peke yangu.

Njia nimekwishaichora kichwani: barabara kuu, katikati kabisa, kupitia kwa shemeji, kisha mlango kwa mlango nikiwaonyesha wale wote waliocheka jana. Na mbwa. Hasa mbwa.

Kuna kitu nilitaka nikikumbuke kesho kabla ya kupiga kiki. Kimenitoka. Kama kina maana kitarudi chenyewe.