Ombi la Kumvua Ufalme Binti Yangu Sandra

Manibe, Arua

Kwa Ndugu Msimamizi wa Jumba la Kale la Mfalme na Bustani Zake,

Natumaini wewe, askari wa getini na yule tausi wa bustanini hamjambo. Mimi ni Adrabo, baba wa watoto wawili waliokuja kutembea huko likizo iliyopita. Aliyekatazwa kumkimbiza tausi ni Soka. Huyo hana neno. Shida yangu ni dada yake, Sandra, wa miaka saba, aliyetulia akamsikiliza mwongoza wageni wenu kila neno. Ningejua, ningemwacha naye akimbize tausi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwongoza wageni alisema mfalme wa zamani hakukanyaga udongo mtupu; alitandikiwa nyasi popote alipopita. Maneno haya hayafai mbele ya watoto. Sandra alilala mtoto wa shule, akaamka mfalme. Nilikuwa nimerundika nyasi za kuezekea nyumba kabla ya mvua kubwa. Zote zimetandikwa, kutoka mlangoni hadi chooni.

2. Nilipotaka kuzikusanya, niliamriwa nivue viatu kwanza. Nikavua. Hadi leo sijui kwa nini nilivua.

3. Mbuzi wa jirani yangu Ondoga waliingia wakala zulia hilo la nyasi. Nikamshitaki. Sandra akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akatusikiliza sote wawili, akaamua kwamba mbuzi walikuwa wageni wa mfalme, na mgeni hashitakiwi kwa kula. Ondoga alipiga makofi. Mimi nilitakiwa kuondoka kinyumenyume ili nisimpe mfalme mgongo, nikakalia sufuria ya maharage.

4. Mke wangu, Rosa Kiden, ni mtu wa Koboko na hana subira na mambo haya. Alinitazama, akatazama paa, akasema: "Adrabo, hapa mfalme hakuna. Mvua iko." Ndugu, paa linavuja juu ya kitanda chetu, na mawingu yameanza kujikusanya. Naogopa kweli.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mmoja wenu aje amvue binti yangu ufalme. Akikataa kushuka kinuni, mchukueni mkae naye. Viti mnavyo vingi na hakuna anayevikalia. Ila msimpikie bamia, hazili.

Wasalimie wote kazini, hasa wafyeka nyasi wa bustani, maana nikikumbuka zile wanazozitupa machozi yananitoka.

Mimi ninayevujiwa,
Adrabo, baba wa mfalme

N.B. Barua hii imechelewa kutumwa. Ondoga ameisimulia hukumu yake hadi Aroi, na sasa kila mwenye kesi anafika mlangoni kwetu akiuliza, "Mufalme iko?" Mfalme hasikilizi mtu asiyeleta mzigo wa nyasi. Jana tumemaliza kuezeka nyumba. Tafadhali msije. Paa la jiko bado.