Mkoba Juu ya Mlingoti

Jumanne, 11 Juni

Nimechoka. Nina miaka kumi na minane na tayari magoti yananiuma. Mama anasema ni kwa sababu ya kulala hadi mchana. Hajui uchovu wa kungoja.

Kesho ndiyo siku yenyewe. Matokeo ya mtihani wa mwisho. Kati ya saa saba na saa nane mchana Mwalimu Kooistra atawapigia simu walioanguka na wanaotakiwa kurudia somo. Waliofaulu hawapigiwi. Saa nane ikipita simu yako ikiwa kimya, umemaliza shule: unapandisha bendera mbele ya nyumba, unaning'iniza mkoba wako wa shule huko huko juu, na majirani wanakuja kula keki.

Wobbe wa ng'ambo ya mtaro naye anangoja. Zamani Wobbe alikuwa mtu wa maana. Tuliruka mitaro yote ya kijiji kwa upondo, ule mti mrefu wa kujirushia, tukatumbukia, tukarudi na magugu ndani ya suruali, Mama akatusimamisha uani na kutuosha kwa mpira wa maji kama ndama. Hakuna aliyetuuliza tunataka kuwa nani. Raha tupu! Sasa Wobbe ana leseni ya gari, ana ndevu, na akikutana na watu wazima anawapa mkono. Mimi leseni nimeikosa mara mbili. Habari za ndevu tuziache.

Leo nimemwambia kesho bendera yangu itatangulia yake. Akasema kutangulia si hoja, bendera hupandishwa baada ya saa nane. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya baba yake, eti hesabu iliniendeaje, bwana mdogo. Bwana mdogo! Amenizidi wiki tatu tu.

Nina mpango.

Jumatano, 12 Juni

Mpango ulikuwa huu. Anayeanguka hupigiwa simu. Kwa hiyo asiyepigiwa hajaanguka. Nikazima simu, nikaifukia kwenye droo ya soksi. Saa sita mchana, bendera juu! Mkoba juu! Mlingoti wa Babu umepita paa la nyumba, kwa hiyo mkoba ulionekana hadi kanisani. Nilifunga fundo la nguvu zangu zote, la aina nisiyoijua jina.

Mama akatoka jikoni, unga mikononi. Akauliza kama shule wamepiga. Nikasema hawajapiga, mwaka huu mambo yamewahi. Basi akalia. Sikutegemea alie. Amenilea peke yake tangu Baba ahamie Zwolle kwa yule mwanamke wa duka la miwani. Akanishika mashavu akasema, "Mwanangu, umevuka. Sasa na mimi nipumzike." Hapo hapo akampigia simu mama mdogo Froukje, wakakubaliana safari ya Denmark wanayoiahirisha tangu nianze shule. Nilitaka kusema neno. Nikaenda kutafuta sahani za keki.

Watu wakaja. Viti vikapangwa duara. Kila aliyeingia alizunguka akimpa mkono kila mtu: hongera Jelmer, hongera mama Jelmer, hongera babu Jelmer, hata jirani alipewa hongera kwa kupata jirani kama mimi. Nikaanza kujiamini.

Ndipo akaingia Mwalimu Kooistra. Kwa baiskeli. Jasho linamtoka. Nikawatangazia watu kwamba mwalimu amekuja kunipongeza mwenyewe, jambo ambalo ni nadra sana. Mama akamsukumia kiti na kipande cha keki. Akakaa. Akala. Akaangalia bendera, akaniangalia mimi, akaongezewa kipande, akala.

Nyuma ya nyumba akanieleza. Amepiga simu mpaka amechoka. Nimepungukiwa alama moja ya hesabu. Nitarudia Alhamisi ya wiki ijayo, na nisipopata hiyo alama nitarudi darasani mwaka mzima. Akasema kwa kuwa nimetimiza miaka kumi na minane, haruhusiwi kumwambia Mama bila ridhaa yangu. Nimwambie mwenyewe, tena leo. Kisha akaniuliza hiyo bendera basi ni ya nani. Nikamjibu ni ya Babu.

Akatikisa kichwa, akapanda baiskeli yake.

Saa nane ilipopita Wobbe alipandisha ya kwake. Taratibu, kama mtu anayeanika shuka.

Alhamisi, 13 Juni

Balaa. Jana jua lilipotua Babu alikuja kushusha bendera, maana kwake bendera kukutwa na giza ni sawa na kumwacha mgeni nje kwenye mvua. Kamba haikuteremka. Fundo langu limenasa kwenye kapi kule juu. Babu akavuta, mimi nikavuta, jirani akavuta. Wapi!

Ila bendera inaruhusiwa kukesha iwapo inamulikwa. Babu akaleta taa kubwa ya zizini, akaielekeza juu. Uongo wangu sasa una umeme. Unaonekana hadi barabara kuu.

Na kuna jambo nililolikumbuka nikipiga mswaki. Mkoba sikuutoa vitu. Niliona ni kazi. Kitabu cha hesabu kimo. Madaftari yamo. Kikokotoo changu kimo. Mtihani ni wiki ijayo, na elimu yangu yote inapepea.

Kumwambia Mama: kesho. Leo alikuwa anajaribu koti la safari mbele ya kioo. Ungemwambia wewe?

Jumamosi, 15 Juni

Jaribio la kwanza: ufagio kwenye ngazi. Ngazi fupi, ufagio mfupi.

Jaribio la pili lilikuwa la kitaalamu. Nikautoa upondo wangu wa zamani bandani. Nikapiga hesabu, ndiyo, hesabu, kwamba nikikimbia kutoka upande wa Wobbe, nikauchomeka upondo katikati ya mtaro, nikapanda mpaka ncha kama tulivyokuwa tukifanya, nitaruka na kuangukia jirani kabisa na mlingoti, kwa urefu wa kutosha kudaka mkanda wa mkoba. Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa na uzito wa paka. Upondo ulikumbuka hivyo. Ulivunjika.

Nilipotoka mtaroni Mama alikuwa amesimama uani na mpira wa maji. Akauliza nilikuwa natafuta nini. Nikasema nilikuwa nakumbuka utoto. Akanigeuza, akaniosha mgongo, shingo, nyuma ya masikio. Nilifurahi, kusema kweli. Nilifurahi na nikaona haya kwa wakati mmoja, maana nimempita urefu sasa, ilibidi niiname.

Akauliza kama kuna jambo ninalotaka kumwambia. Nikamwambia maji ni ya baridi.

Jumatatu, 17 Juni

Nimejishusha. Nimekwenda zizini kwa Wobbe kuazima kikokotoo na kitabu. Nikamweleza ni kwa ajili ya kumbukumbu tu, naikumbuka shule. Alicheka mpaka akamwegemea ng'ombe. "We Jelmer! Mtu aliyefaulu hesabu usiku analala na kikokotoo?" Nikasema ndiyo, wengine ndivyo tulivyo. Akasema, "Kaa hapo, muongo wee." Nikakaa.

Alinifundisha hadi saa ya kukamua, tukaendelea wakati wa kukamua. Anaeleza vizuri, mshenzi. Nilielewa mambo ambayo Mwalimu Kooistra ameyahangaikia mwaka mzima. Mkia wa ng'ombe ulinipiga mara nyingi usoni, kila mara nilipokosea, nadhani amefundishwa.

Mwishoni akaniuliza nawezaje kulala hadi mchana. Nikajiandaa kumjibu tusi kwa tusi. Kumbe alikuwa anauliza kweli. Baba yake amekwisha andika jina la Wobbe kwenye geti la shamba pamoja na lake mwenyewe, na tangu siku hiyo yeye ndiye wa zamu ya alfajiri. Akasema hakumbuki ni lini tuliruka mtaro mara ya mwisho, na kwamba kama angejua kuwa ndiyo ya mwisho angeruka mara mbili. Nikamsaidia kubeba ndoo, nikaimwaga.

Alhamisi, 20 Juni

Mtihani. Nilimwambia Mama nakwenda kuogelea. Akanipa taulo, akanipa na mkate wa jibini wa kutosha watu wawili, akasema nisiharakishe, niyasome maji vizuri kabla ya kuruka. Ushauri wa ajabu.

Nimefanya mtihani wa hesabu wa taifa nikiwa na taulo shingoni. Msimamizi alilikung'uta kuona kama limeandikwa kitu. Swali la tatu lilikuwa lile la Wobbe la ng'ombe na uzio! Yaani halikuwa na ng'ombe, lakini nilimtambua. Swali la tano sikumtambua mtu yeyote.

Kabla ya kurudi nikalowesha nywele bombani. Mama akauliza maji yalikuwaje. Nikasema yalikuwa magumu. Yaani ya baridi.

Nimechoka sana. Kusema uongo kila siku ni ajira, na mimi hata ya kweli sijaianza. Nilikuwa na miaka kumi, nikivunja dirisha nilikuwa nasema "nimevunja dirisha", nafokewa, nakula, nalala. Ilikuwa rahisi mno na sikujua.

Jumatano, 3 Julai

Matokeo ya marudio ni leo. Safari hii simu niliiweka mezani, imejaa chaji, nikaitazama tangu asubuhi. Saa saba. Saa saba na nusu. Kuna mtu alipiga, nikakaribia kuzimia, kumbe ni mama mdogo Froukje akiuliza kama Denmark kuna mbu. Saa nane. Kimya. Nimefaulu! Kimya kitamu kuliko muziki!

Nikakimbia uani kushangilia, nikakumbuka sina la kushangilia, maana nilikwisha shangilia mwezi uliopita. Babu alikuwa pale na nyundo ndogo. Akagonga pini ya chini, mlingoti wote ukalala nyasini pole pole, bendera, mkoba na kila kitu. Ulitengenezwa hivyo, ulazwe ukipakwa rangi. Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo wiki tatu zote hizi. Akasema Mama alimwomba auache kwanza.

Mama alikuwa mlangoni. Akanipa mkono. "Hongera, Jelmer." Hakuniita mwanangu. Nikaanza kusema hongera ya nini, mbona nilishapewa, akanikatiza. Akasema Kooistra alikaa kwenye duara lake, akala vipande viwili vya keki yake, na hakumpa hongera. Hajawahi kuona mtu akifanya hivyo hapa, hata walevi hutoa mkono kwanza. Alijua kabla mwalimu hajafikisha kipande cha pili mdomoni.

Nikauliza kwa nini basi hakusema. Akasema, "Nilikuwa nangoja mtu mzima aje aniambie. Nikangoja kwenye mpira wa maji. Nikangoja na taulo. Nimechoka kungoja, Jelmer."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Nililia kama mtoto, puani kunatoka mambo. Nikamwahidi kwamba kuanzia leo nitamwambia kila kitu, siku hiyo hiyo, kikiwa kibichi. Akanifuta uso kwa aproni. Akasema vizuri, maana Ijumaa alfajiri anaondoka, treni ya saa kumi na mbili, na anataka aondoke moyo ukiwa mweupe.

Nimebadilika. Naona tofauti kabisa. Hata magoti hayaumi.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekwenda Groningen kutafuta chumba. Nyumba ya wanafunzi. Wenyeji wanakaa kwenye makochi, wewe unakaa kwenye kreti ya bia katikati, wanakuhoji, wakikupenda unahamia. Waombaji tulikuwa wengi. Mmoja anapiga gitaa. Mmoja ana mashine ya kahawa. Nikaona napotea.

Nikasema mimi napika.

Wakanigeukia wote. Nikaendelea, nikashindwa kuacha. Nikasema nimekuwa nikijipikia tangu nina miaka kumi na mitano. Nguo nafua mwenyewe. Najiamsha. Bomba likiziba nazibua. Wakapiga kura pale pale. Chumba ni changu! Jumamosi nahamia, na jioni yake ninawapikia wenyeji wote tisa, ndiyo sherehe ya kukaribishwa kwangu.

Niliporudi Mama alikuwa anafunga sanduku. Akauliza imekuwaje. Nikasema wamenipenda kwa tabia yangu. Baadaye nikamuuliza, hivi hivi tu, mtu anajuaje kiazi kimeiva. Akasema unakichoma kwa uma. Nikauliza kabla ya hapo kinawekwa kwenye maji ya moto au ya baridi. Akaacha zipu katikati. Akauliza kama kuna jambo.

Nikasema nauliza tu.

Akafunga zipu mpaka mwisho, akanibusu kipajini, akaenda kulala mapema kwa ajili ya treni yake. Nyumba iko kimya. Sitaki aende, huo ndio ukweli, wala mimi sitaki kwenda, na sijamwambia hata moja katika hayo mawili. Lakini kuahidi nimeahidi. Nitamwambia kesho, yote, tukiwa tumekaa vizuri na chai. Nimetega kengele saa nne asubuhi, nisije nikamwambia mambo mazito nikiwa na usingizi.