Mashine Inayohamishiwa Koboko Bila Kilichomo Ndani

Awindiri, Arua
Juni 1976

Kwako Mheshimiwa Afisa Elimu, pamoja na wote wanaofungua barua zako kabla yako,

Mimi ni Zulaika Kamisi, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya wasichana hapa mjini. Mwaka jana nilikuandikia nikiomba nafasi katika darasa la uhandisi kwenye shule ya ufundi ya Koboko. Karani wako alinijibu kwa mwandiko mzuri sana kwamba darasa lile ni la wavulana, na kwamba nijitahidi katika ushonaji. Nilijitahidi. Leo sikuandikii tena kama msichana. Nakuandikia kama kompyuta ya Serikali.

Naomba nieleze jinsi nilivyopata cheo hiki.

Ulikuja waraka kutoka Kampala kwamba kila shule ifundishe namna kompyuta na roboti zinavyowasaidia wahandisi: kupima uzito ambao daraja linaweza kubeba, kuunganisha vyuma viwandani, na mengine ya maendeleo. Waraka ulikuja peke yake. Kompyuta haikuufuata, wala roboti.

Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Severino Loro, si mtu wa kungoja. Alichukua kasha la mbao lililokuja na friji ya mesi ya maofisa wa jeshi, akalikata matundu mawili mbele, moja la kuingizia kadi na moja la kutolea jibu. Kadi tunazitoboa kwa sindano ya bibi yangu ya kusukia tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangi rangi. Palipotobolewa ni ndiyo, pasipotobolewa ni hapana. Mimi hukaa ndani ya kasha, nasoma kadi, nafuata kanuni zilizobandikwa mbele ya pua yangu bila kuruka hata moja, natoa jibu. Juu tumefunika kwa tabaga lenyewe ili nipate hewa.

Mwenzangu darasani, Rosa Kiden, ndiye mkono wa roboti. Yeye hukaa nyuma ya pazia, mkono mmoja ndani ya madebe yaliyounganishwa, vidole tu vikitokeza, akipanga matofali kama kadi zinavyoamuru. Siku moja kadi ilitobolewa vibaya, akaliweka tofali juu ya mguu wa Mwalimu. Mwalimu aliruka, kisha akatuambia tuandike: mashine hufanya ulichoiambia, si ulichokusudia. Hakuna somo tulilolielewa vizuri kama lile. Na darasa zima lilijua kwamba tunafanya mfano.

Asiyejua alikuwa Mkaguzi, ambaye ni mwanajeshi. Alikuja kutoka Kampala wakati Bwana Anguyo, mkuu wetu wa shule, ameshaandika kwamba somo linafundishwa kwa vifaa kamili. Mkaguzi akaomba kuviona. Bwana Anguyo akasema, "Iko, Afande! Iko pale, inafanya kazi muzuri!" Mwalimu Severino alipofungua kinywa, mkuu akamminya kiwiko: "Mwalimu, nyamaza. Ripoti imeshafika Kampala."

Mkaguzi akaingiza kadi ya daraja la mbao kwenye kijito cha chini ya kijiji cha Onduparaka, na uzito wa lori. Nikamjibu. Akagonga kasha kwa fimbo yake akasema, "Hii kitu iko na akili mingi kushinda karani yangu." Vumbi likaniingia puani nikapiga chafya. Bwana Anguyo akamwambia hiyo ni mashine inajipoza. Kisha Mkaguzi akavishika vidole vya Rosa, ambavyo bado vilikuwa na hina ya harusi ya dada yangu, akatusifu kwa kukumbuka kuipaka roboti rangi ya kuzuia kutu.

Akaamuru hapo hapo kwamba mashine nzuri namna hii isipotezwe kwa wasichana. Jumatatu lori litakuja kuihamishia shule ya ufundi ya Koboko, pamoja na mkono wake.

Mheshimiwa, sijawahi kuipenda amri ya Serikali kama nilivyoipenda hii. Lakini haitekelezwi, na hayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Bwana Anguyo amemwita seremala apigilie kasha misumari na lipelekwe tupu. Nilipomkumbusha kwamba mimi ni sehemu ya kifaa, alinijibu, "Zulaika, mutoto ya watu, wewe utaenda wapi? Sanduku iende, wewe bakia hapa." Mtu akichomoa betri ya lori la Serikali analala ndani. Sijui aliyechomoa kompyuta nzima kutoka ndani ya kompyuta hulala wapi, lakini siku hizi kila mtu anajua kwamba amri hailetewi ubishi.

2. Rosa naye ameambiwa abaki, upelekwe mkono wa bati peke yake. Wavulana wa Koboko watajifunza kwamba roboti ni kitu kinacholala juu ya meza mpaka mtu akisogeze. Hayo wanaweza kujifunza bwenini mwao, bila kuchoma mafuta ya lori.

3. Kanuni ya shule ile nimeisoma mara nyingi. Inasema wasichana hawaruhusiwi darasani. Kuhusu kompyuta haisemi neno. Kwa kuwa nililelewa kuheshimu kanuni, sitaki ibadilishwe kwa ajili yangu. Nimeona ni rahisi zaidi nibadilike mimi. Nitakaa ndani ya kasha pale mbele ya darasa, mwalimu wa uhandisi atafundisha, nami nitasikia kupitia tundu la kadi. Sitanyoosha mkono. Mkono ni kazi ya Rosa.

4. Gharama yangu ni ndogo. Mashine haili, haiugui, haiogopi giza, haiulizwi na shangazi itaolewa lini, na zaidi ya yote haitaki kitu chochote. Wavulana wanakula posho, ugali wa shule, kila siku na hakuna aliyewahi kutoa jibu kwa kugongwa fimbo. Au kama wapo, majibu hayajafika Arua.

5. Nisiwe mchoyo. Ukikubali kunisajili mimi, usajili na wenzangu. Darasani kwetu kuna msichana aliyetaka kutengeneza pampu za maji, na mwingine aliyetaka kupima barabara. Wote karani wako aliwashauri ushonaji. Kila mmoja apewe kasha. Maseremala watapata kazi, waliokataliwa watapata mahali pa kukaa, na wilaya yetu itakuwa na kompyuta nyingi kiasi kwamba Kampala watakuja kuazima. Watakaouliza wasichana wa Arua wamekwenda wapi wataambiwa hawapo, kuna mashine tu, na zote zina sauti nyembamba.

6. Matundu ya hewa yawe makubwa kidogo.

Kwa hiyo naomba uandike kwa mkono wako kwamba Jumatatu lori lisiondoke na kasha mpaka mimi niwe nimo ndani.

Wasalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, na karani wako mwenye mwandiko mzuri, na dereva wa lori. Mkaguzi naye mpe salamu zangu. Mwambie rangi ya kuzuia kutu imeanza kufifia.

Ni mimi ninayefanya nilichoambiwa,
Zulaika Kamisi
(Kompyuta)

Nyongeza: Mama ameniambia nimsomee barua kabla sijaifunga. Anauliza kama Koboko kuna chandarua, kwa sababu mashine hii hushikwa na malaria kila mvua zikichachamaa, na kama kuna taa, kwa sababu haijawahi kulala gizani. Anasema pia kula kunde haiwezi.

Nami niliposoma namba ya nne kwa sauti mbele yake, nilikwama. Palipoandikwa kwamba mashine haitaki kitu, tafadhali ufute. Siku ile nilipokwisha kumjibu Mkaguzi, nilibaki ndani ya kasha nikitaka kumwuliza kwa nini daraja lile liwe la mbao wakati kijito kimejaa mawe mazuri ya nguzo. Sikuweza. Kasha lina tundu la kuingizia na tundu la kutolea. La kuulizia hatukulikata.

Basi Bwana Anguyo aachwe alipeleke kasha tupu, ndivyo linavyofaa. Lakini kama mbele karibu na dereva pana nafasi, nitapanda huko na sanduku langu la nguo, na mlangoni Koboko nitawatajia jina langu.